Hesabu ya Mlangoni

Mlango wetu wa bati, hapa Katuba,
umekuwa daftari tangu Pasaka.
Naandika kwa makala, chaki watoto wanaiiba:
Reli, hamsini na mbili. Wamekwisha kuvuka, waache wacheke.
Kiwanda, arobaini na tisa.
Chui wa Likasi, arobaini na saba.
Wa nne, Umoja wa Kipushi, arobaini na nne.
Halafu mstari. Nimeupitia mara mbili uwe mnene,
kwa sababu juu yake kuna mchujo
na chini yake kuna kulala mapema hadi Septemba.
Chini yake, sisi:
Nyota ya Katuba, arobaini na mbili.

Mechi mbili zimebaki
na mtaa mzima umegeuka walimu wa hesabu.
Baba Kyungu, asiyekumbuka deni lake la unga,
anakumbuka kila goli tangu mvua za kwanza:
tukishinda zote mbili, anasema,
na Kipushi wakateleza mara moja, hata kwa sare,
tumepita.
Mama Mbuya anachuja munkoyo, hainui macho.
Hata huu una mchujo wake, anasema.
Si kila kitu kinapita.

Mwezi wa sita umekuja na baridi.
Vumbi jekundu, midomo inapasuka,
makala tunayoota ndiyo makala ninayoandikia.

Jumapili, saa tatu usiku, simu.
Ni Sompwe, mdogo wangu, yuko Kolwezi,
anashuka kwenye mashimo asiyonisimulia.
Salio lake ni la sekunde arobaini.
"Ngapi?"
Si hodi, si habari ya mama.
"Moja bila. Kapend, kwa kichwa, dakika ya themanini."
"Na Kipushi?"
"Sare."
"Kwa hiyo..."
na simu inakatikia hapo, kwenye kwa hiyo,
nami nabaki nayo wiki nzima.

Arobaini na tano kwa arobaini na tano.
Wao wametuzidi goli moja. Moja.
Nafuta, naandika, vidole vyeusi hadi kwenye bukari.

Siku ya mwisho umeme ukaondoka saa nane.
Baba Kyungu akaleta redio yake
na betri zilizoshinda juani juu ya bati tangu asubuhi,
tukaizunguka kama mgonjwa.
Mapumziko: sisi moja, wao sare.
Tumo! Vijana wakaanza kuchanga nauli ya mchujo,
mmoja akaahidi mbuzi ambaye hana.
Betri zikafifia. Mtangazaji akawa anaongea toka kisimani.
Dakika ya themanini na nane tulisikia neno kona,
kisha kelele, na hazikuwa zetu.

Sare kwetu. Sare kwao.
Goli moja.
Lile la Januari, matopeni, tukiongoza tatu bila,
Kapend na lango tupu, akapiga juu ya mtambaa wa panya.
Tulicheka siku ile. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini.

Saa tatu, simu.
"Ngapi?"
"Moja kwa moja. Na wao sare."
Kimya.
Nasikia sekunde zake zikidondoka moja moja,
nikataka kumwambia akate, atunze salio.
"Mama amekula?"
"Amekula. Tomsoni kidogo."
"Na mguu wake?"
"Uvimbe unashuka."
"Na we..."

Asubuhi nikatoka na kitambaa cha maji.
Reli wakaondoka upesi, na Kiwanda, na Chui.
Mstari ukakataa. Bati limeunywa.
Baba Kyungu akapita, mikono mfukoni:
uache, mwaka ujao tutauhitaji.
Nikauacha.
Nikaokota kipande cha makala,
na mahali tulipokuwa sisi, chini ya mstari, nikaandika:
Kyungu, unga, kilo mbili. Bado.